Karatasi ya Bastola Yako

Baba,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, maana mjukuu wako Nuru yuko shule na hapa ndani hakuna mwingine.

Nina hasira, Baba. Nakuambia mapema usije ukadhani nimekaa kukuandikia machozi. Machozi nimeshayamaliza kwenye choo cha wafanyakazi huku Uingereza, kule Sutton Coldfield, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, bibi wa chumba cha nane anabonyeza kengele na mimi nimejifungia nimeng'ata taulo. Sasa imebaki hasira. Nina hasira na wewe, na Shangazi, na mimi mwenyewe, na lile lichuma lako. Ngoja nianze na lichuma.

Nilikuwa na miaka tisa ulipolileta nyumbani Tanga. Meneja wa shamba la mkonge alikuwa anafunga virago kurudi kwao, na wewe ulikuwa mtunza stoo wake. Akakuuzia bastola yake iliyokwisha kutumika miaka, nawe ukahangaika na polisi mpaka kibali kikatoka kwa jina lako. Mama akaitazama akasema hicho kitu kikilala chumbani kwake, yeye atalala kwingine. Akalala kwingine siku mbili. Siku ya tatu akakushonea mfuko wa kaki wa kuivalia kiunoni, eti kama ni lazima ivaliwe basi ivaliwe kwa heshima. Ulipofungua duka lako la vifaa vya ujenzi mtaa mzima ulikuwa unajua nini kimo chini ya shati lako, na wewe ulikuwa unajua kwamba wanajua. Ulitembea tofauti, Baba. Usikatae.

Nakumbuka kile kijino cha mbele, kile kilichosimama juu ya mtutu unachokipanga na mwanya wa nyuma ndipo ulenge. Kilikuwa na doa jeupe lililofutika. Ukaja na rangi ya kucha ya Mama, nyeupe, ukaniambia mimi nina mkono mwembamba. Ukatoa magazini yenye risasi, ukavuta chuma cha juu, ukachungulia ndani mara mbili, ukaniambia na mimi nichungulie. Nikatia doa dogo kama punje ya mtama, nimebana pumzi. Ukaninunulia soda. Toka siku hiyo kila kukikaribia Idi nilikuwa narudia lile doa, na hakuna kazi niliyowahi kuifanya kwa makini kama ile.

Na nakumbuka ulivyoivaa. Risasi moja tayari kwenye chemba, nyuma ya mtutu, loki ya usalama imefungwa. Nilikuuliza siku moja kwa nini usiiache tupu, ukasema mwizi hamsubiri mtu akoki. "Loki ipo, hofu ya nini?" Hilo neno tulilisikia mpaka tukalizoea. Ukifika wakati wa sala ulikuwa unaivua, kwa sababu hukutaka kusujudu na chuma kiunoni. Ukiwa nyumbani unampa Mama. Ukiwa dukani unaingia chumba cha nyuma, unafunga komeo, unaiweka juu ya chochote kilicho karibu, ndipo unatawadha.

Sasa sikiliza nilichokufanyia.

Uliponitumia ule ujumbe wa sauti, ulikuwa umetoka kwenye uhakiki wa silaha. Walikuwa wamekupeleka kulenga ubao, risasi zote zimekwenda kushoto, na askari vijana wamecheka. Sauti yako ilikuwa imenuna. Ukasema kijino kimepinda. Ukasema, wewe Saida uko Birmingham, na meneja alikuwa akituambia bunduki nzuri zote za zamani zilitoka Birmingham, basi nitafutie kijino kipya. Ukaniwekea na picha mbili za bastola imelazwa juu ya gazeti.

Na mimi zuzu wako nikaenda. Mtaa wa mafundi bunduki upo kweli, Baba, nyuma kidogo ya katikati ya mji, ingawa sasa umejaa fleti, na maduka machache yaliyobaki yana nondo madirishani. Nikaingia moja, na hijabu yangu na sare ya kazini, nikasimama kaunta nikasema nataka kijino cha mbele cha bastola. Wallahi sikujua kwamba nchi hii raia haruhusiwi bastola, imepigwa marufuku toka sijafika. Wao wanauza bunduki za kuwindia ndege. Kulikuwa na bwana mmoja anachagua koti, akalirudisha koti taratibu akatoka nje. Ningekuwa mwenye duka ningeita polisi.

Mzee wa kaunta hakuita mtu. Alikuwa na miwani mbili, moja usoni moja kichwani. Akaniuliza kwa upole kama najua ninachoomba. Nikamwonyesha picha, nikamweleza Tanga, kibali, baba yangu, askari waliocheka. Uso wake ukalegea. Akazikuza zile picha kwa vidole, akatazama muda mrefu, akasema mambo mawili. La kwanza, kijino hiki kimenyooka kabisa, na chuma kama hiki hakipindi chenyewe. Nimuulize baba yangu anaonaje siku hizi. La pili, akaniomba namba iliyochorwa ubavuni mwa bastola.

Alikwenda nyuma kwenye kompyuta, akarudi na karatasi mbili. Kampuni iliyoitengeneza ilikuwa imeziita bastola za aina yako zirudi kiwandani, zile zenye namba kutoka hapa mpaka pale, na yako ilikuwa katikati. Mzee akapiga mstari mwekundu chini ya sentensi moja. Nitakuandikia kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo kazi niliyotakiwa kuifanya siku ile: bastola hii ikiwa na risasi kwenye chemba, ikianguka, inaweza kufyatuka hata kama loki imefungwa. Isibebwe ikiwa na risasi ndani. Irudishwe itiwe kifaa kinachokosekana, bila malipo.

"Mwambie leo," mzee akaniambia. "Atoe ile risasi leo hii."

Nikapanda basi la kurudi kwangu Perry Barr, karatasi kwenye mkoba, simu mkononi, jina lako juu kabisa ya orodha. Sikupiga.

Unajua kwa nini. Nyumbani kwetu nani aliwahi kukuambia jambo usoni? Mama akitaka nyumba ipakwe rangi alikuwa anamwambia Shangazi. Mdogo wangu Zuhura alipofeli mtihani alimwambia Shangazi. Mimi nilipotaka kuja huku nilimwambia Shangazi, naye akakaa nalo wiki mbili, akakuambia Ijumaa umeshiba pilau. Neno zito kwako lilipitia kwa dada yako mkubwa, tena kwa wakati wake, na sisi tuliita hiyo adabu. Niliionea fahari, Baba. Nuru ananiambia kwa Kiingereza mbele za watu kwamba nimekosea, na mimi namgombeza, namwambia kwetu mtoto hasemi hivyo.

Basi nikampigia Shangazi. Nikamsomea yote. Akasema nimefanya vizuri kumwambia yeye, nimwachie. Lakini si sasa, akasema, kwa sababu harusi ya mwanawe wa mwisho iko wiki tatu mbele na wewe ndiye msimamizi, na huwezi kumwambia mtu bastola yake mbovu wakati macho yenyewe yanamwishia. Nikamuuliza macho gani. Ndipo nikajua kuhusu presha ya macho. Mwaka mzima, Baba! Mwaka mzima hospitali za macho, na mimi binti yako ninayewatilia dawa ya macho wazee wa watu kila asubuhi, nikawa sijui. Eti nisije nikawa na wasiwasi ugenini. Wewe ulinificha macho, mimi nikakuficha bastola, na kila Ijumaa tukaulizana hali tukajibiana salama.

Ijumaa ya wiki iliyofuata ukanipigia ukaniuliza kijino vipi.

"Bado natafuta, Baba," nikakuambia.

Sikuwa natafuta kitu. Karatasi ilikuwa kwenye droo ya jikoni, chini ya vijiko. Ukasema nisijisumbue sana, kama hakipo hakipo. Nikasema nina zamu, nitakupigia. Hilo ndilo neno la mwisho ulilolisikia kwangu, na lilikuwa uongo.

Jumatatu alasiri ukafa.

Jirani yako wa duka la vitambaa alisikia mlio, akagonga, hakuna jibu, wakavunja mlango wa chumba cha nyuma. Komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani. Mkeka wa sala umetandikwa. Bastola sakafuni karibu na pipa la maji, risasi imeingia chini ya kidevu. Yeye jirani alimwambia Zuhura kitu kimoja, na Zuhura akaniambia mimi: mguu wako wa kulia ulikuwa umelowa, wa kushoto mkavu. Nililisikia hilo nikiwa kwenye korido ya kazini. Nilijua. Uliiweka juu ya mfuniko wa pipa, ukainama kuosha mguu, ukaigusa kwa bega au kiwiko, hukuiona ikiteleza.

Lakini watu hawakuuliza habari za mguu. Watu waliuliza habari za komeo. Mzee amefunga mlango, macho yamekwisha, risasi moja, wewe unadhani nini? Hata udhu wako waliugeuza, wakasema alijitoharisha kwanza. Polisi wakaandika wanavyoandika. Na imamu, Baba, imamu uliyemchangia mabati ya msikiti kwa mkono wako, akasema yeye hawezi kuongoza sala ya mtu aliyejitoa roho, akamtuma mwalimu wa madrasa. Nilitazama maziko kwenye simu, nimesimama karibu na mashine za kufulia. Pasipoti yangu ilikuwa kwa watu wa uhamiaji, sikuweza kuja. Nilihesabu safu. Zilikuwa mbili, na ya pili haikujaa.

Mama ndiye aliyeumia kuliko wote, na hilo ndilo lililonitesa. Asubuhi ile mligombana, nimekuja kuambiwa baadaye. Ulijikwaa kizingitini, akakuambia mtu asiyeona kizingiti anavaa bastola ya nini. Nyumba nzima ikasikia. Ukatoka hujanywa chai. Sasa Mama akaingia eda na neno hilo kifuani. Wanawake wanakuja kumpa pole, wanakunywa kahawa yake, wanatazamana. Kila nikipiga alikuwa ananieleza habari za chai: kwamba ilikuwa na tangawizi, kwamba aliifunika na kisahani akidhani utarudi. Jina lako alikuwa halitaji. Alikuwa anasema "alipotuacha." Alilisema kwa maana yake halisi, kwamba uliamua kutuacha, si kama watu wanavyolisema kwa mtu aliyekufa kwa ugonjwa.

Siku ya tatu ya msiba nilimpigia Shangazi nikamwambia tuitoe karatasi. Akanijibu, "Watauliza ilikuja lini, Saida. Tutakuwa sisi ndio tuliomuua." Akasema Mungu anaujua ukweli na hiyo inatosha. Nikakubali. Sitajitia utakatifu hapa, Baba. Nilikubali haraka, na nilishukuru kwamba yeye ndiye aliyelisema. Miezi minne nilimwacha mama yangu aamini kwamba ulimi wake ndio uliomuua mumewe, ili mimi nibaki binti mzuri aliyeko Ulaya.

Kilichonivunja kilikuwa kitu kidogo. Eda ilikuwa inakaribia kwisha, Zuhura akaniambia hakutakuwa na hitima. Mama amekataa. Amesema atapika pilau la nani, na nani atakuja kumsomea mtu kama huyo. Na kaburini hatakwenda, maana hajui atasimama aseme nini. Nikatoa karatasi chini ya vijiko. Ilikuwa imeingia doa la mafuta.

Nilimpigia asubuhi ya mapumziko yangu, kwa video, nikamwomba aketi. Nikamwambia Mama, nina neno, na halijapitia kwa mtu. Nikamsomea yote kwa Kiswahili, kuanzia namba ya bastola mpaka ule mstari mwekundu. Nikamweleza habari za mguu mkavu. Nikamwambia mtu anayetaka kufa hamalizii udhu nusu. Mama alikuwa amefunga ushungi mpaka kwenye nyusi.

"Ulijua lini?" akaniuliza.

"Siku kumi na moja kabla."

"Kwa hiyo hakuniacha."

"Hakukuacha, Mama."

"Siku kumi na moja," akasema tena, polepole, akakata simu.

Hitima ilisomwa, Baba. Zuhura ananiambia Mama alitoka eda akaenda moja kwa moja kwa imamu na picha ya karatasi niliyomtumia kwenye simu, akamtafuta mwalimu wa sekondari aisome kwa sauti mbele ya wazee wa msikiti, kisha akawauliza wale wazee wana la kusema. Mama yetu! Yule aliyekuwa hasemi hata rangi ya ukuta. Imamu alikuja mwenyewe, akaongoza dua, akaomba radhi mbele za watu. Watu walijaa mpaka kwa jirani. Shangazi naye alikuja, akakaa pembeni, na Mama akampelekea sahani kwa mkono wake bila kumtazama. Jina lako limesafishwa. Walipomuuliza karatasi imetoka wapi, alisema imetoka Birmingham. Jina langu hakulitaja.

Na simu yangu akawa hapokei. Wiki ya kwanza nikasema ana haki. Wiki ya tatu nikaanza kuota nikigonga mlango. Huku nako mambo yanakwenda tu. Wanabomoa majengo ya zamani ya chuo hapa Perry Barr, wanasema wanariadha wa michezo ya Jumuiya ya Madola watakuja kukaa, na vumbi linaingia mpaka kwenye chai. Bibi wa chumba cha nane alifariki wiki iliyopita. Watoto wake wanne walikuwa chumbani, kila mmoja akamwambia alichokuwa nacho moyoni, hata mambo ya aibu, kwa sauti, mbele yetu wauguzi. Zamani ningewacheka. Nilisimama na mashuka mkononi nikawaonea wivu.

Juzi Ijumaa nilipiga kama kawaida, ikaita mpaka mwisho. Nikapiga tena, ikapokelewa. Nilimsikia Mama anapumua, na nyuma yake kuna mtu anakuna nazi. Niliogopa nikiuliza chochote atakata, kwa hiyo nikawa nasema tu. Nikamwambia habari za vumbi, habari za Nuru na meno yake. Nikaishiwa. Halafu nikasema lile lililobaki, kwamba sikuwa na sababu yoyote ya maana. Niliogopa tu. Niliogopa Baba ataninunia.

Mbuzi ya nazi ikasimama. Nadhani alimtoa mtu nje.

"Hata mimi nilikuwa namwogopa," Mama akasema.

Miaka thelathini na minne ya ndoa, Baba. Na wewe hujawahi kumnyanyulia mtu mkono katika nyumba ile, hata paka. Sijui ulifanya nini mpaka tukakuogopa hivyo, na sijui sisi tulipata nini kwa kukuogopa. Ungeninunia wiki moja. Labda mbili. Ungekuwa hai umeninunia.

Pasipoti yangu imerudi na likizo nimepewa. Nakuja Tanga na Nuru kabla ya Ramadhani. Nakuahidi hivi, na nakuahidi wewe mwenyewe bila kumpitia mtu: nitaketi mbele ya Mama nimwache aniseme mpaka achoke, sitamtuma Zuhura wala Shangazi kuniombea. Kisha nitakuja ulipo, nitakaa chini, nikwambie yale niliyotakiwa kukwambia kwenye basi la Perry Barr. Bastola yako mbovu, Baba. Kijino chako kizima. Macho yako yamekwisha, nenda hospitali, na toa hiyo risasi. Nitayasema kwa sauti, na ukitaka uninunie.

Mungu akupe nuru huko, na akusamehe, na atusamehe.

Mwanao,
Saida